Ushuhuda Nilioutoa kwa Mwili wa Yeyo

Mwaka 2011 nilitangaza mbele ya usharika wetu, kwenye miteremko ya Mlima Meru, juu kidogo ya jiji la Arusha, kwamba mama yangu amepona kisukari. Hakuwa amepona. Jambo hili kwa miaka mingi nililisimulia nusunusu tu, kwa watu wachache. Leo naliandika lote, kwa sababu wapo walioacha dawa baada ya kunisikia, na kwa sababu mama yangu, tuliyemwita yeyo kama Waarusha wote wanavyowaita mama zao, aliniomba nilisahihishe akiwa hai nami sikufanya hivyo.

Waliokuwa wadogo wakati ule nawakumbusha. Nchi nzima ilikuwa inatazama kijiji kimoja kilicho mbali, Samunge, katika nchi ya Wasonjo, upande wa Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Ambilikile Mwasapile, alisema Mungu amemwonyesha ndotoni mti wa kutibu magonjwa sugu: ukimwi, kisukari, saratani na mengineyo. Mizizi ilichemshwa, mgonjwa akanywa kikombe kimoja tu, palepale Samunge, kwa shilingi 500. Watu wakamwita Babu wa Loliondo, na dawa ikaitwa kikombe cha Babu. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi porini. Walikuja Wakenya na Waganda, wenye fedha walishuka kwa helikopta, mawaziri walikunywa na picha zao zikatoka magazetini. Mwishoni mwa Machi Babu mwenyewe alilazimika kuomba watu wasije kwanza, ili waliokwisha kufika wapate huduma. Wapo waliokatia roho kwenye ile foleni, wengine wakiwa wametolewa wodini na ndugu zao wenyewe.

Mti wenyewe haukuwa mgeni kwangu. Wasonjo wanauita mugariga, Waswahili mtandamboo, na sisi na ndugu zetu Wamasai tunauita olamuriaki. Koko, yaani bibi yangu, aliuchemsha na supu ya mbuzi tangu sijaanza shule. Hilo nalo lilinipa ujasiri. Niliona kama Mungu ametumia kitu cha kwetu, cha porini, kuwajibu watu wote waliotudharau, na moyo wangu ulijaa furaha ya kweli. Sikwenda Samunge kwa ujanja wala kwa fedha. Nilikwenda nikiamini, na nataka hilo lieleweke, maana nilikosea nikiwa na imani timilifu.

Yeyo alikuwa na kisukari kwa muda mrefu, akimeza metformin kila siku na kwenda kliniki kila mwezi. Yeye hakuniomba nimpeleke. Alisema, "Mimi dawa zangu zinanitosha, mwanangu." Nilimjibu kwa maandiko. Nilikuwa mzee wa kanisa, naongoza kwaya, maandiko nilikuwa nayo mdomoni, na mama hawezi kushindana na mtoto wake anayemnukulia Biblia. Akafunga mizigo.

Tulipanda Land Cruiser ya kukodi pamoja na wagonjwa wengine, tukapita Makuyuni hadi Mto wa Mbu, tukaacha lami, tukaingia vumbi la Engaruka. Ol Doinyo Lengai ukatokea upande wetu, mlima wa Mungu, na ndani ya gari watu wakaanza kuimba. Kisha tukapanda ukingo wa Bonde la Ufa, na huko juu tukakutana na mkia wa foleni. Chakula kilikuwa adimu na ghali. Yeyo alikula biskuti na chai isiyo na sukari, siku nyingine maji tu, na vidonge vyake aliendelea kuvimeza hadi asubuhi ya kikombe. Zamu yetu ilipofika tukaletewa vikombe vya plastiki garini. Alishika chake kwa mikono miwili, akafumba macho, akanywa. Dawa ilikuwa na rangi ya chai nyepesi na uchungu kidogo. Mimi nililia.

Tulipofika Arusha nilimpeleka moja kwa moja duka la dawa akapimwa. Mashine ilisoma 6.1. Mwezi uliotangulia kliniki ilikuwa imeandika 13. Nilipiga kelele pale dukani.

Leo najua nilichopima. Nilimpima mwanamke aliyekuwa na njaa ya safari, ambaye vidonge vyake vilikuwa bado havijaisha nguvu mwilini. Mtu mwenye kisukari cha aina hii akikaa siku kadhaa bila ugali, bila ndizi, bila sukari kwenye chai, kipimo kinaweza kushuka hata kama hakunywa kitu chochote cha Babu. Nesi yeyote wa kliniki angeniambia hivyo kwa dakika moja. Sikumuuliza nesi. Nilikuwa tayari na jibu kabla ya kipimo.

Jumapili nikaomba nafasi ya ushuhuda. Nikasema Bwana Yesu asifiwe, wakaitikia. Nikataja 13, nikataja 6.1, kisha nikaliinua boksi la vidonge vya yeyo juu ya kichwa changu na kusema kwamba nyumbani kwetu halina kazi tena. Vigelegele vilijaa kanisa. Yeyo alikuwa amekaa safu ya pili upande wa akina mama, na kila aliyekuwa karibu naye aligeuka kumshika mkono. Wiki ile nyumbani kwetu hapakukauka watu. Walitaka kujua nauli, njia, muda wa kusubiri, niliwaelekeza wote. Wengine niliwatafutia gari mwenyewe.

Ushuhuda wangu ulimfunga yeyo mdomo. Kiu ilipoanza kumrudia, alipoanza kuamka usiku mara nyingi kwenda chooni, hakusema. Macho yalipopata ukungu alisema ni uzee. Aliposhindwa kuhisi kandambili inapomtoka mguuni, alijifungia uzi. Kidonda kilianza pembeni ya kidole kidogo, akakifunika kwa kitambaa, akavaa soksi kwenye joto la Februari, akakaa mbali na sisi ili harufu isitufikie. Dada yangu ndiye aliyeivua ile soksi. Kidole kilikuwa cheusi, na weusi ulikuwa umepanda hadi katikati ya unyayo. Hospitalini walimchoma kidole cha mkono wakaweka damu kwenye mashine, na mashine haikutoa namba yoyote. Ilitoa herufi mbili zinazomaanisha kwamba sukari imepita kiwango ambacho inaweza kukisoma. Wakamkata mguu chini ya goti.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alikuwa bado amelala, dripu mkononi, na aliniangalia bila hasira. "Ningesemaje," akasema, "na wewe umeshasimama pale mbele?"

Sentensi hiyo nimeishi nayo hadi leo. Alikuwa amepiga hesabu, akaona kwamba kusema anaumwa ni kumfanya mwanawe mwongo mbele ya kanisa, na pengine kumfanya Mungu aonekane ameshindwa, na kati ya aibu hiyo na mguu wake akachagua kuutoa mguu. Alinilinda kwa nyama yake. Na mimi nilikuwa nimejiona ninakua kiroho! Miezi ile niliomba kwa muda mrefu kuliko wakati wowote, nilipanda msituni juu ya Sambasha alfajiri kuomba chini ya miti, nilihisi karibu na Mungu. Chumba cha pili mama yangu alikuwa anafunga kidonda kwa kitambaa cha khanga gizani.

Nimemfikiria sana koko tangu hapo. Koko alikuwa wa zamani kweli. Alibatizwa akiwa mtu mzima, na hata baada ya ubatizo alipita kwenye oreteti, ule mkuyu mtakatifu wa wazee, akiwa na majani mabichi mkononi, akanena na Engai, yaani Mungu, kama alivyozoea. Dawa za porini alizijua kwa majina, na alijua kila moja inachimbwa upande gani wa mti, kiasi gani, na ni nani asipewe, mjamzito kwa mfano. Kaka yangu alipovunjika mkono koko aliomba, na huku anaomba alikuwa ameshatuma mtu kwa mzee anayeunga mifupa. Mkono ulipochelewa kukaa sawa alisema wazi kwamba haujakaa, akataka apelekwe hospitali ya misheni. Hakuona kwamba kusema hivyo ni kumvunjia Engai heshima. Mimi niliyesoma, mwenye cheti na Biblia yenye zipu, ndiye niliyeshindwa kutamka sentensi ndogo kama ile.

Serikali ilipotuma wataalamu wake Samunge, walichotuambia ni kwamba dawa ile haina madhara kwa kipimo anachotoa Babu. Tulisikia haidhuru, tukaelewa inaponya. Nchi hii haikosi mahali pa kuuliza swali la pili: Muhimbili kuna kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu 1974, ambacho leo ni taasisi, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo tangu 2002. Pakanga iliyowahi kulimwa huku kwetu kaskazini inatoa dawa ya malaria inayotumika dunia nzima, kwa sababu wapo watu waliokaa nayo miaka wakipima, wakirekodi hata pale iliposhindwa. Miti ya Meru inastahili heshima ya namna hiyo. Mimi niliinyima. Niliupa olamuriaki sifa ambayo haukuiomba na kuacha kuuchunguza.

Babu alifariki Julai 2021. Siku zile kwenye daladala, kwenye redio, kwenye maduka ya Kilombero hapa Arusha, watu walimhukumu. Wengine walimtetea. Nilikuwa nasikiliza na kunyamaza, nikijua kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Mzee mmoja kijijini hawezi kujaza njia ya kutoka Mto wa Mbu hadi Sonjo. Ile njia ilijazwa na watu kama mimi, wenye sauti kanisani, msikitini, kazini, waliorudi wakasema nimeona, kabla hawajakaa hata miezi mitatu wakaona. Mimi binafsi sikumsikia Babu akimwambia yeyo aache vidonge. Boksi niliinua mimi.

Yeyo aliishi na magongo na kiti cha magurudumu hadi 2018. Alirudi kliniki, akachomwa insulini na mjukuu wake aliyefundishwa kumchoma tumboni, na sukari ikatulia. Mara kwa mara aliniambia, "Nenda ukaseme." Nilimjibu kwamba Bwana anajua. Au kwamba watu watakwazika. Au kwamba wakati wake bado. Kosa la kwanza nililitenda kwa imani, hili la pili nililitenda kwa woga, na ni hili ninaloona zito zaidi. Alizikwa, mchungaji akasoma historia ya marehemu, ikaandikwa kwamba aliugua kisukari kwa muda mrefu, na wapo waliogeuka kunitazama.

Baada ya habari za kifo cha Babu nilikwenda kwa mchungaji wetu, si yule wa 2011, nikamwomba nafasi ileile ya ushuhuda. Alinyamaza kidogo akauliza kama nina hakika. Nikasimama nikayasema kama nilivyoyaandika hapa, namba zilezile, 13 na 6.1, na soksi, na mguu. Hakukuwa na vigelegele. Wazee wenzangu wawili walinilaumu baadaye kwamba nimewapa wapinzani wa maombi cha kusema. Niliwajibu kwamba naamini maombi, na kwamba nimemwombea yeyo kila siku hadi anakufa, insulini ikiwa kwenye friji.

Nje ya kanisa alinisubiri mama mmoja. Mume wake alikuwa anatumia dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, akaziacha baada ya ushuhuda wangu na safari ya Samunge niliyowasaidia kuipanga. Alifariki mwaka uliofuata. Hakunitukana, na hakusema amenisamehe, nami sikumwomba anisamehe pale pale, kwa sababu nisingekuwa nimefanya chochote ila kumwongezea kazi. Aliniambia ana mkwe anayeishi Sakina, naye yuko kwenye dawa hizohizo, na sasa anakunywa maji ya upako ya mtumishi fulani na vidonge ameviweka kabatini. Alitaka niende nikamweleze yule kijana kama nilivyoeleza madhabahuni.

Nilikwenda jioni ileile. Kijana alinisikiliza hadi mwisho, mkewe akiwa amesimama mlangoni. Akaniuliza kama bado naamini Mungu anaponya. Nikamwambia ndiyo. Akauliza sasa yeye anikubali kwa lipi, kwa la 2011 au kwa la leo. Nilimwambia asinikubali kwa lolote, bali aende akapime wingi wa virusi, na kama vimepungua bila vidonge nitarudi kanisani mara ya tatu. Aliniletea kadi yake ya kliniki. Tarehe ya kurudi ilikuwa imepita kwa miezi miwili. Jumatatu tulipanda daladala pamoja, akachukuliwa damu, na siku hiyohiyo daktari akamrudisha kwenye vidonge kabla hata majibu hayajatoka.