Shajara: 2147483647

12 Mei
Kazini namba hii tunaijua kama ukuta. Kompyuta inayohifadhi namba kwa biti 32, moja ikiwa ya kuonyesha chanya au hasi, haiwezi kuivuka. Saa za mitambo ya zamani zinazohesabu sekunde tangu 1970 zitaugonga ukuta huo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Ninachokipenda mimi ni kingine: 2 kwa kipeo cha 31, toa 1, ni namba tasa.

13 Mei
Mwanahisabati Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772, akiwa St. Petersburg, macho yakiwa karibu yamezimika. Kwa njia ya kawaida angegawanya kwa kila namba tasa hadi 46340, nazo ni karibu 4,800. Hakuhitaji.

Tuseme namba tasa p inaigawanya namba yetu. Zidisha 2 kwa 2 tena na tena, ukishika mabaki ya kugawanya kwa p tu: unafika 1 kwenye hatua ya 31, wala si kabla, maana 31 yenyewe ni tasa. Fermat anatuambia mzunguko huo lazima uigawanye p toa 1. Kwa kuwa p toa 1 ni shufwa, inagawanyika kwa 62. Halafu 2 kwa kipeo cha 32 inabakisha 2. Kumbe 2 ni mraba wa kitu, na hilo linaziruhusu tu p zinazobakisha 1 au 7 zikigawanywa kwa 8. Ziunganishe hoja mbili: p igawanywe kwa 248, ibakishe 1 au 63. Basi! Zimebaki namba 373, na nyingi kati yake si tasa. Umbo la namba limewafukuza wagawanyaji kabla hesabu haijaanza. Nimeisoma hoja hii tena na tena, na bado inanisisimua.

15 Mei
Nagawanya kwa kalamu. 63 na 249 si tasa, naziruka. 311 mara 6905092 ni 2147483612, baki 35. 1303, baki 226. 1489, baki 199.

17 Mei
Ukiizidisha 2147483647 kwa 2 kwa kipeo cha 30 unapata 2305843008139952128, namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, kama 6 ilivyo 1 na 2 na 3. Mwaka 1811 Peter Barlow aliandika kwamba namba ya aina hiyo iliyo kubwa zaidi haitapatikana, kwa kuwa haina faida mtu hatajisumbua. Namkatalia kabisa. Watu hujisumbua kwa sababu ya uzuri. Mwaka 1876 Lucas alithibitisha kwamba 2 kwa kipeo cha 127, toa 1, yenye tarakimu 39, ni tasa, bila kujaribu kigawo hata kimoja.

Lehmer baadaye aliirahisisha njia hiyo, nami naanza kuipima kwa 31: shika 4, mraba wake toa 2 ni 14, kisha 194, kisha 37634, mabaki tu yakibebwa mbele. Hatua ya 29 itoe sifuri.