Mwanzi baina ya Mbeta na Jiko

Mwanzi, kwa nasaba yake, si mti. Ni wa jamii ya nyasi, ndugu wa mahindi, mtama na muwa, ila umejaliwa kimo na ugumu hata ukapewa kazi za mti. Hutoka ardhini ukiwa na unene wake wote. Hauongezeki baadaye kama mvule uongezekavyo mwaka kwa mwaka. Katika msimu mmoja wa mvua hufikia kimo chake, kisha hukaa miaka mitatu hivi ukikakamaa mpaka ukafaa kwa ujenzi, kwa ususi au kwa moto. Mwenye kuielewa tabia hii ameelewa nusu ya mambo yasemwayo siku hizi juu ya mwanzi kuwa kuni za kesho. Nusu ya pili haimo katika mmea, imo katika watu.

Watu hao ni wakazi wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, katika mikoa ya Iringa na Njombe, Wahehe na Wabena na jirani zao, ambao tangu zamani wamepanda mianzi kando ya nyumba na mipakani mwa mashamba. Hawakuipanda kwa ajili ya kuni. Waliipanda kwa ajili ya ulanzi. Mvua zinapokolea, machipukizi hutokeza kichakani kama pembe za ng'ombe. Mwenyewe hulingoja chipukizi lipate kimo, ndipo hulikata ncha kwa kisu kikali. Asubuhi hulirudia na jioni hulirudia, kila mara akiondoa kipande chembamba, siku baada ya siku, mpaka jeraha lianze kutoa machozi. Hapo hulitundikia mbeta, chombo kilichokatwa katika mwanzi uliokomaa, na maji matamu yakadondoka humo. Yakinywewa yangali mapya huitwa togwa, na hata mtoto huonjeshwa. Yakilala yakachacha huwa pombe yenyewe. Na yakikaa siku kadha huitwa mkangafu, ambao si kinywaji cha mtu mwenye safari.

Sasa msomaji na atazame hesabu iliyofichika hapa. Chipukizi lililokatwa ncha halitakuwa mwanzi kamwe. Halina tawi la pembeni la kulirithi, wala haliwezi kuanza upya. Limetoa utamu wake, na uhai wake umekwisha. Kwa hiyo kila mbeta iliyotundikwa mwezi wa Februari ni mwanzi mmoja uliopungua baada ya miaka mitatu. Mwenye kichaka hulijua jambo hili bila ya kufundishwa, na kama ana busara huyaacha machipukizi kadha yakue, ili kichaka kisidhoofike. Walakini wataalamu wengi wanaosifu wepesi wa mwanzi kukua huandika kana kwamba kila chipukizi halina mwenyewe na halikuahidiwa mtu.

Haja ya kuni mpya si ya kubuni. Jiko la Tanzania, mjini na shamba, limetegemea kuni na mkaa kwa vizazi, na mkaa huo umetoka zaidi katika misitu ya miombo. Tanuri la udongo la mchoma mkaa hula kilo 100 za miti mikavu na aghalabu hurudisha chini ya kilo 20 za mkaa. Na mti wa miombo uliokatwa huhitaji miongo ya miaka kurudia hali yake. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umekusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wakipikia nishati safi. Lengo ni jema, lakini mtungi wa gesi una bei, na kijiji kilicho mbali na barabara kitaendelea kuwasha moto wa mafiga kwa muda. Katika muda huo ndimo mwanzi unamopata nafasi ya kusikilizwa.

Sifa zake za moto ni za kweli. Kilo ya mwanzi mkavu hutoa joto linalokaribiana na lile la kilo ya kuni kavu za kawaida. Mwanzi wa ulanzi una nyama nene, na penginepo hukaribia kujaa ndani, tofauti na mwanzi wa milimani, kama ule wa Rungwe, wa Mlima Kenya na wa Elgon, ambao una uwazi mpana na huungua upesi. Dosari zake nazo ni za kweli. Ukitupwa motoni mbichi, hewa na maji yaliyofungwa kati ya kifundo na kifundo hutanuka na kupasuka kwa kishindo cha bunduki. Kwa hiyo sharti upasuliwe na kukaushwa. Mkaa wake huvunjika kwa urahisi, na vumbi lake hufaa kuchanganywa na uji wa muhogo na kufinyangwa kuwa vibonge. Wala asidanganywe mtu: moshi wa kuni za mwanzi huwasha macho kama moshi mwingine, na mkaa wake ukiwashwa katika chumba kilichofungwa huua kama mkaa wa mti. Ubora wake ni mmoja tu, nao si mdogo: mwanzi hukatwa, na shina lililo ardhini likaendelea kuishi na kuchipua.

Mahali pa kuupanda pana maana kuliko wingi wake. Mizizi yake haiendi chini sana, bali husukana karibu na uso wa ardhi na kuushika udongo usichukuliwe na maji. Ndiyo maana hufaa katika makorongo na miteremko. Mizizi hiyo hiyo, ikiwa kati ya mahindi, hunyang'anyana nayo maji na mbolea, na kivuli cha kichaka humaliza kazi. Maharage yaweza kupandwa katikati ya mashina machanga kwa miaka michache ya kwanza, kisha shamba huwa ni la mwanzi. Huko Iringa wakulima hulima vinyungu, bustani za mabondeni zinazowalisha wakati wa kiangazi. Mwanzi na ukae juu ya bonde, kwenye ukingo, usishuke ndani ya kinyungu. Wilaya ya Njombe imekwisha kupandwa misindano, mikaratusi na miwati kwa maelfu ya ekari, na mzee anayetazama chemchemi iliyonywea hana hamu ya kuletewa mgeni mwingine mwenye kiu.

Liko pia tatizo la kuchanua. Mwanzi hukaa miaka mingi bila ya ua, kisha huchanua na kufa. Kwa kuwa mbegu ni adimu, watu hupanda kwa kuchimba mashina ya jirani, na hivyo vichaka vya kijiji kizima vyaweza kuwa vya asili moja, vyenye saa moja ya kufa. Mtambo wa umeme uliotegemea mwanzi wa aina moja ungeamka siku moja hauna chakula. Njombe yenyewe, kampuni ya miwati imewahi kuzalisha umeme kwa kuni za mashamba yake. Jambo linawezekana, lakini kwa mwanzi lingetaka aina kadha na mashina kutoka mbali.

Sheria nayo ina sauti. Mwaka 2017 India ilirekebisha sheria yake ya misitu ya mwaka 1927, mwanzi uliopandwa nje ya msitu ukaacha kuhesabiwa kuwa mti. Kabla ya hapo mkulima aliyeukata na kuusafirisha alihitaji kibali, kana kwamba ameingia msituni. Mtu hapandi kwa moyo kitu asichojua kama atakata kilicho chake.

Fedha pia zina mwendo wake. Ulanzi huleta shilingi kila siku ya msimu, na wanawake wengi wanaouuza kilabuni hulipia humo daftari na sabuni. Mwanzi ulioachwa ukomae hungoja miaka mitatu, na ukifika huko hupata mteja bora kuliko jiko: msusi wa matenga ya nyanya, mjenzi wa uzio, fundi wa viti. Kuuchoma mwanzi mzima mnyofu ni hasara tupu. Cha kuchoma ni mabaki: vipande vya msusi, matawi, mianzi iliyopinda, ile iliyozeeka ikafia kichakani. Wakati wa kukata ni kiangazi, utamu unapokuwa umepungua ndani ya mwanzi na bungua hana karamu. Nao ndio wakati ambao machipukizi hayagemwi, hata kazi mbili zisigombanie mikono.

Yanabaki maamuzi, na hapo pana ugumu ambao hauondolewi na hesabu ya joto. Agemaye aghalabu ni mwanamume. Atembeaye kutafuta kuni ni mwanamke na binti yake. Chipukizi likikatwa ncha, faida humfikia mmoja leo. Likiachwa, mzigo humpungukia mwingine baada ya miaka mitatu. Idadi ya machipukizi ya kuachwa katika kila kichaka haijapata kujadiliwa katika mikutano mingi ya wataalamu wa mwanzi, na katika nyumba nyingi huamuliwa asubuhi na mtu mmoja mwenye kisu, mwenzake akiwa njiani kwenda kuokota kuni.