Pikapu ya dizeli ya mkono wa pili: gusa injini kwanza

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na wale wanaosubiri sehemu ya pili ya somo la hifadhidata wanivumilie kidogo. Nimekuwa nikitafuta pikapu. Si yangu, ni ya Baba. Mimi bado napanda matatu.

Baba analima viazi karibu na Ol Kalou. Miaka yote amekuwa akikodi gari la kupeleka magunia sokoni, na faida inabaki kwa mwenye gari. Mwaka huu alichukua mkopo wa chama cha akiba, akauza ng'ombe wawili, kisha akanipigia simu: "Wewe ndiye umesomea mashine. Njoo tutazame gari." Nilijaribu kumweleza kwamba kompyuta na dizeli ni mashine tofauti. Hakusikia.

Tulipata Toyota Hilux huko Nyahururu. Rangi inang'aa, viti vina vitambaa vipya, na mwenyewe akatupa chai. Alipozungusha ufunguo, injini iliwaka mara moja. Baba alikuwa tayari ametia mkono ndani ya koti kutafuta pesa za kufunga mapatano. Lakini tulikuwa tumekuja na fundi wa kwetu, na kabla gari halijawashwa alikuwa ameweka kiganja juu ya injini. "Ina moto," akaninong'oneza. Na tulikuwa tumeambiwa gari halijatoka tangu jana.

Sisi wa programu tuna kanuni: usiamini data unayopewa na mtumiaji mpaka uihakiki. Chai ilikuwa imenisahaulisha.

Kwa nini joto lina maana? Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hubana hewa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta yenyewe. Ringi za pistoni zikichakaa, mgandamizo hupungua na injini hukataa kuwaka ikiwa baridi. Ukiipasha moto mapema, ugonjwa unajificha.

Tuliomba kurudi kesho yake alfajiri, gari likiwa halijaguswa. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, kwa hiyo baridi ya kupima injini ipo ya kutosha. Sasa hiyo Hilux ilikoroma muda mrefu, ikawaka kwa shida, na moshi wa buluu ukajaa uani. Fundi alifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma. Mvuke ulitoka kwa nguvu kama sufuria ya githeri. "Ni baridi tu," akasema mwenye gari. Baba akamshukuru kwa heshima, tukaondoka.

Ndani ya matatu hakusema neno mpaka karibu tufike. Kisha akasema, "Jana ningelipa."

Haya basi, orodha niliyojifunza kwa fundi, ili ikusaidie:

1. Fika gari likiwa baridi. Gusa injini kabla ya kuwashwa.

2. Tazama moshi. Wa buluu ni oili inaungua. Mweusi mwingi ni mafuta yamezidi hewa: nozeli mbovu, chujio la hewa lililoziba au turbo. Mweupe kidogo asubuhi si ajabu, lakini ukiendelea baada ya injini kupata moto, huenda maji yanaingia ndani.

3. Fungua rejeta ikiwa BARIDI, usije ukaungua. Utando wa oili juu ya maji ni dalili mbaya.

4. Lala chini utazame fremu. Pikapu hubeba mizigo, na fremu iliyochomelewa au kupinda itakusumbua kuliko injini. Angalia springi za nyuma pia.

5. Usiamini namba ya kilomita. Kwenye magari ya kisasa ni data tu ndani ya kumbukumbu, na data hubadilishwa. Linganisha na mpira wa pedali na usukani. Kilomita 90,000 na pedali imekwisha? Mtu anakudanganya.

6. Uliza mshipi wa taiming ulibadilishwa lini, kama injini hiyo inatumia mshipi. Ukikatika, vali na pistoni zinaweza kugongana.

7. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile za logibuku, kisha tafuta rekodi za NTSA kupitia eCitizen ujue mmiliki ni nani. Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake, basi usimalize kulipa huku akikuambia atafanya wiki ijayo.

Baada ya majuma matatu tulipata nyingine, ya rangi iliyopauka na mlango uliobonyea. Nayo ilisumbua kuwaka ikiwa baridi, nikakata tamaa. Fundi alipima akakuta ni plagi za kupasha moto zilizokufa, na mgandamizo ulikuwa mzuri. Kwa hiyo kuwaka kwa shida peke yake si hukumu, ni swali la kufuatiliwa, kama hitilafu yoyote kwenye programu. Tulipunguziwa bei, tukabadilisha plagi, na Jumanne iliyopita Baba alipeleka magunia yake mwenyewe.

Fundi tulimlipa ada ya siku mbili. Hakuna pesa tuliyotumia vizuri zaidi. Hifadhidata wiki ijayo, naahidi.