Matabishi ya Njingala

Enzi za mgodi wa Bisie, pale Njingala, wilayani Walikale mashariki mwa Kongo, hakuna mhudumu wa mgahawa aliyemuuliza mwenzake mshahara. Tuliulizana jioni, wakati wa kuosha sufuria: "Leo umepata matabishi ngapi?" Patroni wetu alitupa chakula mara mbili kwa siku, mahali pa kulala nyuma ya jiko, na ruhusa ya kuokota kile mteja alichoacha mezani. Mkataba wote ulikuwa huo.

Na wateja waliacha. Kasiterite, madini ya bati, iligunduliwa Bisie mwaka 2002, na muda si mrefu nusu ya Walikale ikawa inaishi kwa mgodi ule. Wabebaji walitoka msituni na mifuko ya kilo 50 mgongoni. Ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo, zikapeleka madini Goma, zikarudi na bia, mchele na sabuni. Kila kitu kilikuwa kimelipiwa nauli ya ndege, kwa hiyo bei ya bia moja ya Primus ingemfanya mtu wa Goma adhani anataniwa. Lakini mbebaji aliyetoka kulipwa hakujali. Alikula nyama ya porini, akanywa zake mbili, akasukuma noti chini ya sahani: "Dada, ya sabuni." Wafanyabiashara waliacha dola. Mchimbaji asiye na noti alinimiminia mchanga mweusi wa kasiterite katika kopo la maziwa, nami nikaupeleka kwa mnunuzi aupime.

Wiki nzuri nilimzidi mwalimu. Mpishi wetu, mama wa makamo aliyeshinda ndani ya moshi tangu alfajiri, hakupata kitu, kwa sababu hakuna mteja aliyemwona. Tulimgawia tukijisikia. Hilo halikumsumbua patroni. Kilichomsumbua ni askari. Mpaka 2009 Bisie ilikuwa mikononi mwa Brigedi ya 85 ya jeshi, na watu wenye bunduki walikula bila kulipa. Jioni patroni alifidia hasara hiyo kwa matabishi yetu.

Sikuona ajabu. Mwalimu wa mdogo wangu alilipwa na wazazi kwa jina la "prime", muuguzi alikuwa na yake, na askari wa barrière, kizuizi cha barabarani, alijilipa kwa mpita njia. Tungemdai nini patroni wa mgahawa, ikiwa patroni mkubwa wa Kinshasa alifanya vilevile?

Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Ndege zikakoma. Meza zikabaki tupu, matabishi yakakauka, na patroni hakuwa na deni lolote kwetu. Alifunga mlango, akaenda Goma na akiba yake. Sisi tuliondoka na vitenge vyetu.

Nilihamia Sake, Masisi, kwenye njia ya malori ya viazi, maharagi na jibini. Mama mwenye mgahawa alikuwa mkali kama pilipili, lakini aliandika majina yetu katika daftari na kulipa kila mwisho wa mwezi. Kidogo, ila alilipa. Matabishi yaliingia kisanduku kimoja, Jumamosi yakagawanywa sawa, mpishi na muosha vyombo wakiwemo. Wahudumu wenye sura nzuri walinung'unika. Mimi nilimkumbuka yule mama wa Njingala.

Kisanduku kilianza kuwa chepesi pesa za simu zilipoenea. M-Pesa ilifika Kongo mwaka 2012, na polepole wateja wakazoea kutuma bei kamili kwenye simu ya mwenye mgahawa, bila noti ya kuacha. Bila daftari lile tungerudi Njingala.

Mwaka 2018 serikali ilitangaza kima cha chini cha mshahara cha franka 7.075 kwa siku, na mwaka 2025 ikakipandisha hadi 14.500. Migahawa niliyoijua haikutikisika. Kilichotikisa Walikale ni kampuni ya bati, Alphamin, iliyoanza uzalishaji Bisie mwaka 2019: vijana wakaona mtu wa kijiji chao akishika karatasi ya mshahara, na msichana wa mgahawa akaanza kuuliza yake iko wapi.

Halafu vita. Kundi la waasi la M23 lilichukua Rubaya, Masisi, Aprili 2024, Sake na Goma Januari 2025, likafika Walikale-centre mwezi Machi, na mgodi wa Alphamin ukasimama kwa wiki kadhaa. Benki za Goma zilifungwa. Aliyekuwa na mshahara katika akaunti alibaki kuutazama kwenye simu. Noti ya mkononi ikapata thamani tena.

Kwa hiyo matabishi siyakatai, yamenilisha. Ila ukimaliza kula, mpe mhudumu mkononi, ulizia na mpishi, kisha muulize mwenye mgahawa, kwa adabu, watu wake analipa tarehe ngapi.