Shuka Mbande

Kila likizo tunaipita. Basi la Dar likishatoka Dodoma, konda anaita "Mbande!", watu wawili watatu wanashuka na mizigo yao, sisi tunaendelea kuchati. Ukishuka hapo ukakata kulia, barabara inakupeleka Kongwa, mji mdogo karibu na milima ya Kiboriani. Nimechoka kusikia wanachuo wenzangu wakisema huko ni pori tu.

Kwenye hilo "pori" Waingereza walizika pauni zipatazo milioni 36. Baada ya vita kuu ya pili kwao mafuta ya kula yalikuwa shida, wakaamua Tanganyika ilime karanga: ekari zaidi ya milioni 2, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ikaanza mwaka 1947. Wataalamu waliokuja kukagua mwaka mmoja kabla walitumia wiki 9 tu, tena eneo kubwa walilitazama wakiwa angani. Kisha yakaja matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru, na minyororo ya nanga za meli ya kung'olea vichaka. Mibuyu ikagoma. Nyuki wakawatoa madereva mbio. Mwaka wa kwanza walitaka kufyeka ekari 150,000. Walizopanda hazikufika hata sehemu moja ya kumi.

Tatizo kubwa lakini lilikuwa udongo. Ule mfinyanzi ukikauka unakuwa tofali, na karanga iko chini yake, utaing'oaje? Mvua nayo ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na haina ahadi. Mgogo analijua hilo, ndiyo maana shamba lake ni uwele na mtama, karanga kidogo tu. Januari 1951 mpango ukafutwa.

Wengi wakisimuliwa hayo wanacheka, stori inaishia hapo. Mimi inanishika zaidi kwa yaliyofuata. Reli iliyojengwa kubeba karanga iling'olewa, jengo la stesheni likabaki halina kazi. Miaka ya 1960 serikali yetu ikawapa wapigania uhuru eneo hilo: FRELIMO, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO na wengine. Samora Machel alipita Kongwa. Chris Hani alipita Kongwa. Walifanya mazoezi, wakalima, wakasubiri miaka kuvuka kurudi kwao. Wengine hawakurudi, makaburi yao yapo.

Na kuna waliozaliwa pale, mama wa Kongwa, baba mpiganaji aliyehamishwa au aliyerudi kwao uhuru ulipopatikana. Hao sasa ni watu wa miaka hamsini na kitu kwenda sitini. Mama zao, walio hai, ni bibi zetu. Wanajua nani alinunua maziwa kwa nani, nani alijifunza Kigogo, nani aliahidi kurudi. Mazimbu kule Morogoro inakumbukwa sana, leo ni kampasi ya chuo kikuu. Kongwa haijabahatika hivyo. Halafu tunakaa hosteli tunasumbuka kutafuta mada ya utafiti, tunaishia kurudia "changamoto za" kitu fulani kilichoandikwa mara mia.

Simu zetu zote zinarekodi sauti. Bumu likiingia, nauli ya Kongwa haizidi bei ya chipsi kuku. Mimi nakwenda Jumamosi ya kwanza baada ya mitihani, na nimeshapata mwenzangu anayejua Kigogo. Anayetaka kuja aje stendi saa kumi na mbili asubuhi.