Safari Yetu ya Saadani, na Tope Nililolificha

Tangu turudi kutoka pwani majirani zangu hapa Shelui hawaachi kuniuliza habari za safari yetu. Jioni wakija kuota moto huniambia, "Tusimulie tena habari za ndovu." Nami huwasimulia habari za ndovu, na za bahari, na za mashamba ya chumvi. Lakini liko jambo moja ambalo sijawasimulia, nalo ni habari ya tope. Mtoto wangu wa darasa la tano hunitazama tu, wala hasemi neno. Leo nimeona ni afadhali niandike yote, ili moyo wangu utulie, na mwenzangu atakayesafiri na jamaa yake apate kufaidika.

Chanzo cha safari ni baba yangu. Yeye ni mzee aliyepita miaka 80. Alipokuwa mtoto, babu yake alikuwa akimsimulia jinsi alivyokwenda pwani kwa miguu, mpagazi, pembe ya ndovu begani. Siku zile misafara ya kutoka bara ilishuka Bagamoyo, na mingine ikashuka Saadani, na kutoka Tabora mpaka pwani watu walitembea miezi miwili au mitatu. Yule babu alisema ameona maji yasiyo na ng'ambo, nayo ni machungu kwa chumvi. Watu wa kwao walimcheka, wakasema njaa ya njiani ilimharibu akili. Baba alikuwa akirudia habari hiyo kila mwaka baada ya mavuno, halafu akamaliza kwa kusema, "Nami nitakufa bila kujua kama mzee alisema kweli."

Mwaka 2023 alizeti yetu ilikubali, tukaiuza vizuri. Mama watoto akaniambia, "Baba watoto, mabati yatangoje. Mpeleke mzee akaone maji yake." Mwanangu mkubwa, ambaye anafanya kazi Singida mjini, akatuazima gari lake, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Dereva ni mimi mwenyewe. Nimeendesha malori miaka 22 katika barabara ya Singida na Nzega, na mlima Sekenke naujua kona kwa kona. Basi mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, tukaondoka watu watano: Baba, mke wangu, binti yetu mdogo, mtoto wetu wa darasa la tano, na mimi.

Kutoka Shelui mpaka Chalinze ni karibu kilometa 700, lami tupu, kupitia Singida, Manyoni, Dodoma na Morogoro. Tulilala Morogoro kwa ndugu wa mke wangu. Siku ya pili tukapita Chalinze, tukashika njia ya kaskazini mpaka Mandera, penye misheni ya zamani iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1881. Baada ya hapo tukaiacha barabara kuu, tukaelekea mashariki kupitia Miono. Lami ikaisha, vumbi jekundu likaanza, na hewa ikawa nzito yenye jasho. Baba akafungua dirisha akanusa, akasema, "Hii si hewa ya kwetu."

Afadhali niwaeleze kidogo Saadani ni mahali gani. Ni hifadhi ya taifa iliyo kati ya Bagamoyo na Pangani, na eneo lake ni karibu kilometa za mraba 1,100. Zamani ilikuwa pori la akiba, na mwaka 2005 ikafanywa hifadhi ya taifa. Katika nchi yetu kuna hifadhi nyingi zenye simba na twiga, lakini hapa nchi ya wanyama hao inafika mpaka kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Mtu aweza kuzunguka humo kwa gari lake mwenyewe, akisimama na kutazama kwa nafasi yake, bila kuongozwa na mtu. Hilo ndilo lililonipendeza, kwa sababu ya fedha, na tena, niseme kweli, kwa sababu ya kiburi.

Langoni tulimkuta askari kijana, mwenye adabu sana. Akatuamkia mmoja mmoja, akaandika majina yetu, akapokea malipo kwa kadi, maana fedha za mkononi hawapokei. Akaniuliza, "Mzee, mtahitaji mtu wa kuwaongoza?" Nikamjibu, "Hapana, kijana wangu, njia nitaiona." Basi akatusomea masharti. Mwendo usizidi kilometa 50 kwa saa. Msiiache njia. Msishuke garini ila mahali palipoonyeshwa. Msipige honi wala kelele, msilishe wanyama, msitupe taka. Giza lisiwakute njiani. Mwishowe akasema, "Mvua za pwani zimechelewa kwisha mwaka huu. Shikeni njia kubwa mpaka kijijini Saadani. Njia ndogo za mbugani msiziingie, udongo bado ni laini." Nikasema, "Asante, tumesikia."

Tulikwenda vizuri. Tuliona twiga wengi, wamesimama karibu na njia kama watu wanaongoja basi. Tuliona ngiri wakikimbia mikia juu, na kongoni, na kuro, na tohe wamelala majanini. Watoto walifurahi mno. Baba akaniambia, "Mwanangu, wanyama ni wazuri, lakini kwanza nipeleke nikaone maji." Nikamjibu, "Baba, bahari haikimbii. Wanyama ndio wanaokimbia." Nilitaka kuwaonyesha ndovu, ili tukirudi nyumbani nisifiwe.

Mara nikaona njia ndogo inapinda kushoto kwenda kwenye mbuga yenye majani marefu. Penye mwanzo wake palikuwa na kibao. Mtoto wangu akakisoma kwa sauti: "Baba, pameandikwa njia imefungwa." Nikamwambia, "Kibao hicho ni cha masika. Sasa ni Juni." Mke wangu akasema, "Baba watoto, yule kijana alisema nini?" Sikumjibu. Nikapinda.

Ndugu zangu wa Shelui, ninyi mnaijua mbuga ya Wembere. Mnaujua ule udongo mweusi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka kama chungu kilichoungua, na wakati wa mvua humeza gurudumu mpaka ekseli. Mimi mwenyewe nimeona malori yakilala Wembere siku tatu. Niliyaona yale majani, nikauona ule weusi wa udongo, na moyo wangu ukaniambia, "Huu ni ule ule." Juu ulikuwa umekauka, chini ni uji. Hatukufika hatua mia tatu. Gari likainama upande mmoja, magurudumu yote manne yakazunguka bure, na tope likaruka mpaka vioo vyote vikawa vyeusi.

Ilikuwa saa kumi jioni. Simu haikushika mtandao. Maji ya kunywa tulibakiwa na chupa moja na nusu. Nikashuka, ingawa nilikatazwa, nikaanza kuchimba kwa mikono na kutandika mazulia ya gari chini ya magurudumu. Kila nilipowasha moto gari lilizidi kuzama. Binti yetu akaanza kulia polepole. Mara nikasikia tawi likivunjika, kisha la pili. Baba akasema kwa sauti ya chini, "Ingia ndani, mwanangu. Usikimbie, ingia tu." Nikaingia na tope langu lote.

Ndovu walitoka vichakani, saba, na watoto wawili katikati yao. Walipita mbele yetu kama hatua 60. Mkubwa wao akasimama, akatandaza masikio, akatuelekea. Mke wangu alikuwa amewakumbatia watoto, macho amefumba. Sijui alisimama dakika ngapi. Mimi nilikuwa nikiitazama mikono ya Baba, jinsi ilivyokuwa ikitetemeka juu ya bakora yake, nikafikiri, "Nimemleta mzee huyu kilometa zaidi ya 700 kuja kufa katika tope, na bahari hajaiona." Halafu yule ndovu akageuka, akawafuata wenzake.

Hao ndio ndovu ninaowasimulia kila siku. Sasa mnajua tulikuwa mahali gani tulipowaona.

Saa moja usiku tukaona taa. Kumbe yule askari wa langoni alikuwa amepeleka habari kijijini kwamba linakuja gari la jamaa lenye mzee na watoto. Lilipokawia, wenzake wakatoka kututafuta, wakaona alama za magurudumu pale penye kibao. Walikuwa watatu. Walianza kwa kumwamkia Baba, "Shikamoo mzee," wakampa maji. Kisha mkubwa wao akanigeukia akauliza, "Mzee, hamkukiona kile kibao?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nilitaka kusema, "Hatukukiona." Nani angenibishia? Lakini taa ya askari ilimwangaza mtoto wangu, nikaona ananitazama, anangoja nitakalosema. Nikavuta pumzi. Nikasema, "Tulikiona. Mtoto alikisoma, na mke wangu alinikumbusha. Kosa ni langu." Yule askari hakunitukana. Alisema tu, "Haya, tufunge kamba." Wakatuvuta kwa gari lao. Nililipa nilichotakiwa kulipa, wala sikunung'unika.

Tuliingia kijijini usiku, hatuoni kitu. Tulipopewa chumba katika nyumba ya wageni, Baba alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Akauliza, "Upepo huu hauchoki?" Nikamwambia, "Si upepo, Baba. Ni bahari."

Sidhani kama alilala. Alfajiri alikuja kuniamsha, tukatoka sote. Pale Saadani jua huchomoza baharini. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga umelowa, na ngalawa za wavuvi zimelala ubavu. Baba akavua viatu, akanipa bakora yake niishike, akaingia mpaka vifundoni. Akainama, akachovya kidole, akalamba. Akalamba tena. Mimi nilidhani atasema ni kama maji ya ziwa la Singidani, ambayo nayo ni ya chumvi. Hakusema hivyo. Alisema, "Mzee hakusema uongo." Akasimama pale mpaka jua likapanda, nasi hatukumharakisha.

Siku ile tulimchukua kijana wa kutuongoza, na gharama yake haikuwa kubwa kama nilivyoogopa. Tulijifunza mengi. Alituonyesha magofu ya boma la Wajerumani, akatuambia habari za Bwana Heri, mkuu wa Saadani, aliyepigana na Wajerumani miaka ya 1889 na 1890. Alituonyesha mashamba ya chumvi, ambamo maji ya bahari huingizwa katika viwanja na kuachwa jua liyakaushe, na ndege wekundu waitwao heroe hushuka humo kutafuta chakula. Alitueleza habari za kasa, ambao hupanda usiku ufukwe wa Madete kutaga mayai mchangani, kisha hurudi baharini. Mkewe kasa halindi mayai. Ndiyo maana watu hukatazwa kabisa kuyachukua.

Lakini habari iliyomshika Baba ni ya Mkwaja, upande wa kaskazini. Huko kulikuwa na shamba kubwa la ng'ombe kwa karibu miaka 50, mpaka lilipofungwa mwaka 2000. Walikuwa na dawa na fedha, lakini mbung'o na vichaka viliwashinda, na sasa nchi ile ni ya wanyama, ndani ya hifadhi. Baba, aliyechunga ng'ombe maisha yake yote, akatikisa kichwa, akasema, "Basi kumbe hata wenye fedha nchi huwaambia hapana."

Wasomaji wenzangu, mtu akipata nafasi, aende. Hifadhi hizi ni zetu, na ada ya mwananchi ni ndogo kuliko ya mgeni. Lakini ayashike haya. Aende wakati wa kiangazi, masika asijaribu. Awe na maji na chakula cha siku mbili, jembe na kamba. Aulize mapema namna ya kulipa. Amwambie mtu wa langoni ni njia gani atapita na atalala wapi, maana hilo ndilo lililotuokoa. Na akikataa kuchukua mtu wa kumwongoza, ajue kwamba yeye mwenyewe ndiye sasa anayewaongoza wote waliomo garini. Mzee na mtoto hawawezi kushuka na kwenda zao. Basi awe na masikio makubwa kuliko ya ndovu, asikie neno la askari, na la mkewe, na la mtoto anayesoma kibao.

Baba yuko, na nguvu anazo kidogo. Wajukuu wakimwuliza, huwaambia ameionja bahari kwa ulimi wake mwenyewe.

Barua hii nimempa mtoto wangu aisome kabla sijaipeleka. Ameisoma yote, akaniambia, "Baba, umesahau jambo moja. Nilipokisoma kile kibao mara ya pili, ulinikemea, ukasema ninyamaze." Ni kweli. Nilimkemea.