Franco kwa Fundi Cherehani

Jioni ya Gatumba, upande wetu wa Burundi, ilianza na harufu. Ndagala walioanikwa tangu asubuhi walizolewa kutoka mchangani na kutiwa vikapuni, mawese yakachemka kwa akina mama wa sokoni, na upepo wa Tanganyika ukaleta tope la Rusizi hadi mlangoni. Jua lilizama nyuma ya milima ya Uvira. Kule kuliitwa Zaire, nchi ya watu, ingawa mbuzi wetu walienda na kurudi bila kuulizwa karatasi. Giza likiingia, viboko walitoka majini kuja kula majani, nasi watoto tukaitwa ndani.

Lakini kabla hatujaitwa, njoo tukae barazani kwa fundi. Ni miaka ile kanda ya "Mario" ilipokuwa bado mpya, baada ya 1985. Fundi ni mtu wa Uvira aliyewahi kuishi Kinshasa. Tazama anavyoipuliza majivu pasi yake ya mkaa, anachovya vidole kwenye kikopo cha maji, ananyunyizia mshono, kisha anakandamiza polepole mpaka kitambaa kinafuka mvuke. Kando ya cherehani ipo redio yake ya kaseti. Mawe yake yameshinda juani juu ya bati, ili yapate nguvu za usiku mmoja tena.

Baba alikuwa mtu wa Franco, mpiga gitaa wa bendi ya OK Jazz. Akitoka kazini alikaa kwenye benchi, mgongo wima, akamwomba fundi "Mario": kijana mwenye diploma zake ambaye analelewa na mama mtu mzima. Kila Franco alipoacha kuimba akaanza kusema, Baba alimwinulia kidole kaka yangu, aliyemaliza shule na kukaa nyumbani akingoja kazi.

"Sikiliza, unatajwa."

Kaka alikuwa wa Zaiko Langa Langa, vijana wa Kinshasa walioanza mwaka 1969 na kuzitupa tarumbeta, wakabaki na magitaa na ngoma. Halafu wakaja wale wapiga kelele wao, maatalaku, wakitikisa kopo la dawa ya wadudu lililotiwa vitu ndani.

"Mtu mzima mimi, nikae nisikilize kopo la dawa ya mbu?"

Kaka hakujibu. Alimletea fundi picha ya mwimbaji Papa Wemba iliyokatwa gazetini, akataka suruali pana ya marinda, inayoishia juu ya kifundo ili kiatu kionekane. Kiatu chenyewe kingekuwa cha J.M. Weston, jina alilolitamka kama mtu anayeapa. Miguuni alivaa mitumba.

Lingala yetu ilikuwa ya kuokoteza, kwa hiyo fundi ndiye aliyetufasiria. Baba akiuliza, maneno ya Franco yalitoka yamejaa methali na makofi kwa vijana wavivu. Kaka akiuliza wimbo uleule, Mario akageuka mtu wa kuhurumiwa, aliyesoma na kukosa kazi. Naamini kila mteja alishonewa Franco wa kipimo chake, na sikuona ubaya.

Yaliyoipata Gatumba miaka ya baadaye yameandikwa na wengine. Mimi niacheni na redio.

Franco alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989. Zaire ikatangaza maombolezo ya siku 4, na redio ya ng'ambo ikapiga nyimbo zake kutwa. Kaka naye alikaa benchini, kanda yake ya Zaiko mfukoni, kimya. Ndipo Baba akaanza kusimulia, bila kuombwa, jinsi babu alivyokataza sahani za OK Jazz ndani ya nyumba yake. Bendi ilianza 1956, na kwa babu gitaa lilikuwa la wahuni.

"Kumbe, Baba," kaka akasema, "nawe ulikuwa Zaiko ya zamani zako?"

"Mimi nilikuwa na kazi."

Fundi alicheka mpaka sindano ikamdondoka, na sote tukapiga magoti kuitafuta.